Mwamba wa Shemeji Nakijwa

Nchi yetu ina jina, ila jina lenyewe limefungiwa kabatini wizarani na mwenye ufunguo yuko semina. Akirudi nitawaambia. Kwa sasa jueni tu kwamba ni nchi ya milima, yenye misimu miwili ya mvua na warsha zisizo na msimu, na kwamba mimi ni karani wa kijiji kimoja humo, kiitwacho Kwemvumo. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa vikaoni. Niliyoyaona hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa Mwaka wa Kushirikisha. Kabla yake tulikuwa na Mwaka wa Kuhamasisha, na kabla ya huo Mwaka wa Kuelekeza, ambapo bwana shamba alikuwa anakuja na pingu. Huu ulikuwa wa upole. Waraka ulitoka ukisema kuanzia sasa hakuna kilima kitakachohifadhiwa, wala tuta kuchimbwa, wala jani kupandwa kukinga maji, mpaka mkulima mwenyewe ashirikishwe kupanga. Hata mkulima aliyekutwa anachimba tuta lake siku waraka unafika aliambiwa aweke jembe chini asubiri kushirikishwa. Mimi nililetewa fomu za mihtasari zilizokwisha pigwa chapa, kuanzia "Wakulima walifurahi sana" mpaka "Kikao kilifungwa kwa wimbo", zikiwa na nafasi nne za kujaza: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na idadi ya waliohudhuria. Zilinipunguzia kazi, siwezi kusema uongo.

Kilima chetu kimekaa hivi. Barabara ya serikali inashuka katikati, kutoka mgongoni mpaka shuleni. Ukisimama chini ukatazama juu, mkono wa kulia pana mwamba mkubwa mtupu, hauoti hata nyasi. Mkono wa kushoto pana shamba la shemeji yangu Nakijwa, mjane wa kaka yangu Sempombe. Kaka alilikata shamba lile matuta kwa miaka thelathini, akapanda matete juu ya kila tuta, mpaka udongo wake ukawa mweusi, laini, wa kuchota kwa kiganja. Amezikwa humo humo, chini kidogo ya nyumba, karibu na migomba.

Tatizo lilikuwa mfereji wa barabara. Walioijenga waliuelekeza mfereji kushoto, sijui kwa nini, labda siku ile kivuli kilikuwa upande huo. Sehemu kubwa ya maji ya kilima ikawa inamwagikia shambani kwa shemeji. Matuta ya kaka yalivumilia masika matatu, ya nne yakaachia, korongo likaanza. Lilianzia kwenye mpaka wa chini, likawa linakula kupanda juu, kila mvua kidogo. Kila Jumatatu shemeji alipima kwa miguu yake mwenyewe kutoka kaburini mpaka ukingo wa korongo. Siku waraka unafika zilikuwa hatua ishirini na mbili.

Dawa yake kila mtu aliijua. Uziba mfereji kushoto, uufungue kulia, maji yaende mwambani, yateleze juu ya jiwe mpaka bondeni, hayamdhuru mtu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja ya msaragambo, kijiji kizima na majembe yake. Shemeji akaenda kuomba. Mwenyekiti akamjibu kwamba asubuhi ipo, watu wapo, majembe yapo, isipokuwa hatujashirikishwa.

Tulishirikishwa mwezi wa tatu. Alikuja mwenyewe Mheshimiwa Daktari Gaudensi Malekano, Mratibu Mkuu wa Taifa wa Kushirikisha, na magari tisa, na mpiga picha wake, na choo chake cha kubebeka. Magari hayakuweza kupanda, kwa hiyo hema la wageni lilisimamishwa upande wa chini wa uwanja wa shule, wageni wakakaa wanakitazama kilima. Sisi wenyeji tukapangwa juani upande wa juu, tunawatazama wao. Nawaomba mkumbuke nani alikaa wapi, maana ndiyo habari yote.

"Ndugu wakulima," alisema Mheshimiwa, "sikuja kuwaambia la kufanya. Zama hizo zimepita. Nimekuja kuwaambia kwamba sikuja kuwaambia."

Tukapiga makofi. Akatumia saa mbili na robo kutuambia yale ambayo hakuja kutuambia: kwamba mtaalamu wa kweli ni mkulima, kwamba jembe ndiyo kalamu ya taifa, na kwamba yeye pia ni mtoto wa mkulima, ingawa vumbi la udongo linamletea mafua. Wazee wawili walianguka kwa jua. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya walioanguka, nikawahesabu kwenye waliohudhuria.

Kisha tukaambiwa tuchore ramani ya kilima chetu, chini, kwa vitu vyetu wenyewe. Hapa jamani naomba niseme kweli: ile saa ilikuwa nzuri. Tulichora mistari kwa majivu. Tukalaza kamba ya katani iwe barabara, tukaweka jiwe kubwa kulia liwe mwamba, magunzi ya mahindi yakawa nyumba. Watu ambao miaka saba hawasalimiani kwa ajili ya mpaka walishika ncha mbili za kamba moja. Shemeji alichana upindo wa kanga yake nyeusi, akaulaza kushoto, chini ya gunzi la nyumba yake, akasema hili ndilo korongo. Kisha akachomeka kijiti.

"Na hapa ndipo alipolala mume wangu," akasema. "Maji yakigeuzwa sasa, hayatamfikia."

Bwana shamba wetu, Kimambwe, mtu wa maneno machache, alipiga magoti pale kwenye majivu, akapima kwa shibiri, akasema mama huyu amesema kweli tupu, maji yapelekwe mwambani. Mikono ikanyooshwa yote, na Kwemvumo si watu wa kukubaliana. Nilisahau kuandika. Kwa muda wa saa moja niliamini kabisa, mwenzenu, nikamwangalia shemeji nikaona naye ameamini.

Ndipo ikaja picha. Mheshimiwa alisimama mbele ya hema, ramani ikiwa miguuni pake, na mpiga picha, ili apate sura ya Mheshimiwa vizuri, akapanda upande wetu wa juu, akapiga akiwa amekipa mgongo kilele cha kilima. Baadaye zikapitishwa karatasi za mahudhurio. Tulisaini wote mia moja na arobaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Nyuma ya karatasi palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba aliyehudhuria amepanga, aliyepanga amekubali, na aliyekubali hatabadili. Nyuma hakuna aliyetazama. Mimi nilitazama, lakini nilidhani ni mambo ya kawaida tu.

Mpango ulirudi baada ya miezi minane, una jalada gumu na ukurasa mzima wa shukrani kwetu. Ukingo wa korongo ulikuwa umebakiza hatua kumi na nne. Tulikusanyika tena uwanjani, bwana shamba akaufungua ukurasa wa ramani, akautazama, akaufunga. Akaufungua tena.

Shemeji ndiye aliyesema. Alisogea, akaiona picha ya majivu yetu imewekwa rangi na mishale ya bluu, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mbona mmeigeuza?"

Imegeuzwa kweli. Ilikuwa hivi: kwenye ile picha Mheshimiwa alitokea juu, na wataalamu wa makao makuu wakaamua kwamba upande alipo Mheshimiwa ndio upande wa juu. Ni uamuzi ambao mtumishi yeyote wa nchi yetu angeufanya, hata mimi. Basi juu ikawa chini, kulia kukawa kushoto. Jiwe letu la mwamba likaangukia kwenye shamba la shemeji, na gunzi la nyumba ya shemeji likaangukia kule mwambani. Mpango ulisema maneno yetu yale yale, neno kwa neno: maji yote ya barabara yapelekwe kwenye mwamba. Ila mwamba, kwa mujibu wa mpango, sasa ulikuwa pale anapoishi Nakijwa. Korongo halikutajwa. Upindo wa kanga ulidhaniwa ni kivuli cha mwavuli wa Mheshimiwa, ukafutwa.

Tukaandika barua. Niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu bora. Jibu lilikuja na Ofisa Mfawidhi kutoka wilayani, mtu mpole, mwenye huruma nyingi usoni. Alikubali kabisa kwamba kulia si kushoto. Alisema angekuwa na uwezo angeigeuza karatasi palepale mbele yetu, kwa mkono wake.

"Lakini huu mpango si wa serikali," alisema. "Ni wenu wenyewe. Mmeuchora, mmeusaini. Serikali yenu haiwezi kuingilia mawazo ya wananchi. Huo ungekuwa udikteta."

Akaeleza kwamba sisi wenyewe tunaruhusiwa kuubadili wakati wowote, mradi kikao kihudhuriwe na wote waliosaini, pasipungue hata mmoja. Sasa katika mia moja na arobaini, watano walikuwa wamekwisha fariki, wakiwemo wale wazee wawili wa jua. Mwenyekiti akauliza wafanyeje. Ofisa Mfawidhi akafikiri sana, kisha akasema hao watano hawajatoa taarifa ya udhuru.

Nilijaza fomu. Wakulima walifurahi sana.

Wiki iliyofuata shemeji alichukua jembe la kaka, akapanda peke yake mpaka kwenye mfereji. Alichimba siku nne kuelekea kulia. Mwanamke wa miaka sitini na tatu. Siku ya nne mvua ndogo ya vuli ilinyesha na maji yakaenda kulia, yakateleza mwambani kama tulivyosema, wala hayakumgusa mtu. Nilikwenda nikayatazama. Sikumsaidia kuchimba, mjue hilo, maana mimi ni karani. Nilisimama tu, naye akaniambia, "Umeona, shemeji?" Nikamwambia nimeona.

Siku ya tano aliitwa mbele ya Kamati ya Kulinda Mpango, kwa kosa la kuharibu mpango wa wananchi. Kamati ilitafuta mlalamikaji. Ikaonekana waliodhulumiwa ni wananchi wote wa Kwemvumo walioupanga, akiwemo Nakijwa. Basi akasomewa mashtaka, kisha akapewa karatasi ya walalamikaji asaini pamoja na wenzake. Alisaini. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa naandika pembeni.

"Karani," alisema, "wewe ulikuwepo tulipochora. Waambie mwamba uko wapi."

Alikuwa hajawahi kuniita karani tangu aolewe kwetu. Wote walinitazama. Mwenyekiti aliniuliza kama kwenye muhtasari wa siku ile mna habari ya mwamba kuwa kulia. Nikafungua jalada, ingawa nilijua kilichomo. Nikasoma: Wakulima walifurahi sana. Kikao kilifungwa kwa wimbo. Nikasema hakuna. Ningeweza kuongeza neno. Mdomo ulikuwa wangu, na nilijua mwamba uko wapi, nimecheza juu yake utotoni. Sikuongeza. Sijui niwaambie nilihisi nini. Sikuhisi kitu, nilikuwa nafikiria wino umekaribia kuisha.

Hukumu ikawa kuufukia mfereji kwa msaragambo. Kijiji kizima tulipanda na majembe, na kwa kuwa asiyehudhuria msaragambo anabebeshwa mawe ya shule mwezi mzima, shemeji alikuja pia. Ilichukua asubuhi moja, kama tulivyokuwa tumekisia. Hakuna aliyeimba. Shemeji alijaza udongo kwenye mfereji wake mwenyewe, akaushindilia kwa miguu, akausawazisha kwa ubapa wa jembe. Aliufanya vizuri kuliko sisi wote, maana hajui kufanya kazi ya udongo vibaya.

Mwezi wa pili wakaja mafundi na zege. Mfereji mpya wa kushoto ulijengwa imara, upana wa mikono iliyonyooshwa, na mdomo wake ukaachiwa juu ya matuta ya kaka. Kibao kikasimikwa: Mradi Huu Umebuniwa na Wananchi. Maji ya pande zote mbili za barabara sasa yalikuwa na njia moja. Fundi mkuu alimwona shemeji anachuma maharage, akashangaa, akamwambia mama, hapa ni mwambani, hapalimiki. Shemeji akamwambia amesikia. Akaendelea kuchuma.

Masika yalianza Jumanne. Jumatano zilibaki hatua tano. Tulikwenda, wanaume sita, kutaka kumhamisha kaka kabla hajachukuliwa. Bwana shamba Kimambwe akatuzuia, machozi yakimtoka jamani, akituonyesha kifungu: ardhi iliyopangwa haichimbwi. Nikamwambia huyu ni kaka yangu. Akaniambia anajua, naye alishiriki kumzika. Hakuondoka, nasi hatukuchimba. Tukasimama pamoja mvuani mpaka jioni.

Ijumaa asubuhi kaburi halikuwepo, wala migomba, wala ukuta wa jikoni. Shemeji alikuwa amesimama ukingoni na sufuria moja mkononi. Korongo lilikuwa refu kuliko mtu mara tatu, na chini kabisa maji meusi yalikuwa yanakwenda. Ule weusi ulikuwa udongo wetu. Sikuweza kujua kipi kilikuwa kaka.

Serikali haikumtupa. Mnisikilize vizuri hapa, maana watu husema serikali yetu haijali. Katika siku kumi tu Ofisa Mfawidhi alirudi na lori na mabati kumi na mawili. Alieleza kwamba mpango unaonyesha waziwazi nyumba ya Nakijwa mkono wa kulia, na kwamba kwa muda mrefu hali halisi ya kilima imekuwa haiendani na mpango. Sasa kasoro hiyo ingerekebishwa. Wakamjengea chumba kimoja juu ya mwamba, palepale lilipoangukia gunzi. Ramani ikawa sahihi.

Pale juu hapaoti kitu. Nguzo zilisimamishwa kwa mawe kwa sababu hapachimbiki hata shimo la nguzo. Alipokuwa ameishi hapo miezi sita, wakaja wapimaji wa mmomonyoko. Walipima Kwemvumo nzima, kila shamba, ni udongo kiasi gani umepotea, na kila shamba lilikuwa limepoteza. Moja tu halikupoteza hata punje: la Nakijwa, mwambani. Wakapima mara ya pili wasiamini.

Ndivyo shemeji yangu alivyokuwa Mkulima Bora wa Kitaifa wa Hifadhi ya Udongo. Mheshimiwa Malekano alirudi na magari kumi na moja, akapandishwa mpaka mwambani, akamvisha skafu ya kijani na kumpa cheti chenye fremu. Akasema taifa zima lije lijifunze kwa mama huyu, ambaye kwa kushirikishwa tu ameukomesha mmomonyoko kabisa. Akamwomba aseme neno kwa wakulima wenzake. Tulikuwa tumejaa pale, tumesimama juu ya jiwe la moto kwa miguu mitupu na viatu vya matairi.

Shemeji alikitazama cheti, akatutazama sisi.

"Mimi sina cha kuomba," alisema. "Ila nikifa, mje na udongo wenu. Hapa hakuna wa kunifukia."

Mheshimiwa ndiye aliyeanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Nikajaza fomu. Palikwisha pigwa chapa kwamba mkulima alishukuru kwa niaba ya wenzake. Nafasi ya kuandika alichosema haikuwepo, na nilikuwa nimeitafuta, safari hii niliitafuta mbele na nyuma. Kikao kilianza saa nne, kikafungwa saa saba na dakika arobaini. Wimbo uliimbwa.

Magari yalipoondoka nilishuka mpaka bondeni, mahali korongo linapotapika. Ule udongo mweusi upo pale, umelala juu ya mchanga, sijui wa tuta gani, sijui wa nani. Nilijaza debe kwa mikono. Nikalipandisha kilima begani, nikipita barabarani mchana kweupe, karani mzima wa kijiji, na watu waliniona wakaangalia pembeni.

Nilimkuta shemeji amekaa mlangoni, skafu bado iko shingoni. Nililitua debe miguuni pake. Alichota kidogo, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Imo kwenye mpango?" akauliza.

Nikamwambia haimo.

Alinyanyuka, akatafuta mahali ambapo mwamba umebonyea kidogo, penye kivuli cha ukuta, akapafagia kwa ncha ya skafu.

"Basi mwaga hapa, shemeji," alisema.

Nikamwaga. Ulikuwa udongo wa kutosha mche mmoja wa maharage. Tulikuwa wawili tu, na hakuna aliyesaini.